Chumba Na. 3

Muhula wa kwanza tulifundishwa kuchonga penseli.
Wiki nzima, penseli. Watu wazima,
mmoja wetu kaacha watoto wawili Muheza,
tumeinamia nyembe kama mangariba.
Mwalimu Semkiwa akipita nyuma yetu anasema:
Mstari una uzito. Ukuta mnene, dirisha jembamba,
na kilicho juu ya kichwa, kenchi, boriti,
kichoreni kwa vistari vya kukatikakatika,
maana hamkioni, lakini kipo.

Stashahada ni miaka miwili. Baba alinipigia hesabu:
mihula minne, magunia mangapi ya mahindi,
na mwisho utakachojua ni kuchora?
Babu yako kajenga nyumba tano kwa kamba na macho.
Sikumjibu.
Katika hizo tano, mbili zimeanguka.

Kazi ya kwanza yenye alama:
pima nyumba unayolala, ichore, moja kwa hamsini.
Mimi nalala Ngamiani, barabara ya kumi na sita,
kwa Bi Mwanamkasi. Vyumba sita, ukumbi katikati,
ua nyuma, choo mkono wa kushoto,
na barazani kibao cha HATUKOPESHI
cha duka lililokwisha kufa.

Mntangi alinishikia ncha ya futikamba.
Ukuta wa mbele, mita tisa na sentimita kumi.
Wa nyuma, nane na themanini na nne.
Tukapima tena. Ilikuwa kweli:
nyumba imepinda kiuno
kama mama aliyezoea kumbeba mtoto upande mmoja.
Tuinyooshe tu, akasema Mntangi, nani atajua?
Niliiacha ilivyo.

Chumba changu, cha tatu kulia:
mbili na sabini kwa mbili na arobaini na tano.
Mlango mmoja. Dirisha hakuna,
ng'ambo ni ukuta wa jirani, hata kiganja hakipiti.
Miezi miwili nimelala humo
nisijue nimekosa dirisha
mpaka nilipotafuta pa kuuweka ule mstari mwembamba.

Umeme ulikatika saa nne usiku.
Nikamalizia kwa tochi ya simu, wino juu ya karatasi angavu.
Asubuhi Bi Mwanamkasi akanikuta nimeitandaza ukumbini.
Akavaa miwani. Akaufuata ukumbi kwa kidole cha shahada,
akaingia chumbani kwake bila kugonga ukuta.
"Hapa nalala. Hapa kwa Tumu. Hapa jikoni,
mbona hukuweka jiwe langu la kusagia?"
Kidole kikafika kwangu, kikasimama.
"Hapa umeandika nini?"
Chumba Na. 3.
"Hapa ni kwa Mbwana."

Sikuwahi kuuliza. Akanieleza mwenyewe, amesimama:
mwanawe, kuli wa bandarini, homa ya siku tatu,
mwaka ule mvua zilipovunja daraja
na hakuna gari lililovuka.
"Andika."
Nikaandika. KWA MBWANA.
Herufi za milimita tatu, kama kanuni inavyotaka.

Mwalimu Semkiwa aliyazungushia wino mwekundu.
Chumba huitwa kwa matumizi, akasema, si kwa mtu.
Watu huhama. Alama mbili chini.
Kisha, darasa lilipotoka, kwa sauti nyingine:
Futa. Nitakurudishia.

Wino hausikii ufutio. Hukwanguliwa,
kwa wembe, polepole, umeibana pumzi.
Nilikwangua herufi kwa herufi
hadi karatasi ikawa ganda la kitunguu.
Alama zangu nikazipata.

Sasa ni muhula wa nne. Nachora zahanati, kwa kompyuta,
nikikosea nabonyeza tu, hakibaki hata kikwaruzo.
Ule mchoro wa kwanza uko chini ya godoro.
Bi Mwanamkasi hajauomba tena, nami sijamwonyesha.
Lakini ukiuinua mbele ya taa
kuta zote ni nyeusi, zimepinda zilivyopinda,
na ndani ya chumba cha tatu
mwanga unapita.